Ndege wamepungua uani? Wahesabu kwanza kabla hujamlaumu mtu

Kila ikifika mwezi wa sita, wa saba hivi, hapa Tanga kuna swali lazima ulisikie, "mbona ndege siku hizi hawaji?" Mtu alikuwa anamwaga chenga za mchele uani kwake, Chumbageni huko au Sahare, wanashuka tetere na shomoro na kwera mpaka huwezi kuongea na simu, alafu ghafla chakula kinalala mpaka kinaota. Hapo lawama ndo zinaanza, mara minara ya simu, mara kunguru, mara jirani kapuliza dawa kwenye mchicha wake, mara watoto wa mtaa wa pili na manati zao. Inawezekana mojawapo ni kweli, sikatai, lakini mara nyingi ndege wako ni wazima wa afya, wapo kiwanja cha pili kile kisichojengwa wanakula mbegu za majani bure, chako wamekisusa tu kwa muda.

Sasa bila kuhesabu utajuaje ipi ni ipi? Macho peke yake hayasaidii kwasababu mtu anakumbuka ile siku walipojaa, zile siku kumi walizokuja watatu watatu anazisahau, alafu baadae anasema "zamani walikuwa wengi". Kwaiyo hapa naeleza namna ya kuwahesabu kwa utaratibu unaoeleweka, na namna ya kusoma hayo mahesabu ukiwa unaishi pwani kwetu huku, maana maelezo mengi yaliyopo mtandaoni ni ya watu wenye theluji.

Kabla ya kuhesabu, tengeneza pale unapowawekea chakula pasibadilike badilike. Sio lazima ununue kitu, kifuu cha nazi kinatosha kabisa, toboa matundu matatu juu upitishe kamba na vitundu viwili vidogo chini maji ya mvua yatoke, ning'iniza kwenye tawi la mwembe au kwenye kenchi ya banda la nje. Tetere hawapendi sana kubembea kwenye kifuu, wao wanataka pa kusimama, kwaiyo kama unawataka na wao weka ubao au sinia kuukuu juu ya nguzo, urefu wa kifua cha mtu mzima au zaidi kidogo. Umbali na kichaka ndo watu wengi hawauwazi: kiwe mita mbili tatu kutoka kwenye ua au michongoma, ndege akishtuka apate pa kukimbilia ila paka aliyejibanza humo asiweze kumrukia moja kwa moja. Paka wa Tanga tunawajua.

Chakula: mtama, uwele, chenga za mchele, chenga za mahindi. Ukitaka shore na hao wengine wala matunda waje, weka papai lililoiva sana au ndizi iliyoanza kuwa nyeusi, wanaipenda kuliko unavyofikiria. Kipimo kiwe kimoja kila siku, tuseme kikombe kimoja cha chai asubuhi basi, hata kikiisha mapema usiongeze siku za kuhesabu. Ukiweka kilo leo na kesho konzi moja hapo unapima mfuko wako, ndege huwapimi. Na ukibadilisha chakula andika tarehe, maana ukitoka kwenye mtama ukaingia kwenye mapapai kundi zima la wageni linabadilika na mwisho wa mwezi utadhani kumetokea jambo kubwa.

Usiwape mahindi au karanga zilizoingia ukungu kwa kusema "si ndege tu", ile sumukuvu inayotuua sisi inawaua na wao, tena wao wana gramu ishirini za mwili. Usiwape mbegu za dukani zile zilizopakwa rangi, ile rangi ina maana zimetiwa dawa. Wali uliobaki wenye chumvi na mafuta ya jana mpe kuku.

Kunguru atakuja, hilo usiulize. Kuzuia kunguru na tetere wasimalize chakula cha wadogo, zungushia kifuu wavu wa waya wenye matundu ya kupita vidole vitatu hivi, kwera na shomoro wanapenya bila taabu na kunguru anabaki kuchungulia. Lakini ukishafunga wavu ujue tetere umeshawatoa kwenye hesabu, usije ukaandika baada ya mwezi tetere wametoweka wakati umewafungia mlango mwenyewe.

Haya, tuje kwenye kuhesabu kwenyewe.

Kanuni kubwa ni moja, kwa kila aina andika idadi kubwa kabisa uliyoiona KWA WAKATI MMOJA. Usijumlishe. Umekaa nusu saa, mwanzoni umeona shomoro wanne, wakaondoka, wakaja sita, wakaondoka, wakaja watatu, jibu ni sita. Sio kumi na tatu. Maana hujui kama wale watatu ni wapya au ni walewale waliokwenda kunywa maji wakarudi, na kwera mmoja mwenye njaa anaweza kuja kwenye kifuu mara ishirini asubuhi moja, ukijumlisha utatuambia una kwera ishirini kumbe ni kijana mmoja tu. Hiyo sita haimaanishi mtaa mzima una shomoro sita, inamaanisha angalau sita wapo, na ukifanya hivyohivyo kila mara basi namba za leo na za mwakani zinaweza kukaa meza moja zikaongea.

Kanuni hiyo sijaitunga mimi. Marekani na Kanada wana mradi unaitwa Project FeederWatch, ulianzia jimbo la Ontario mwaka 1976 ukatanuka bara zima 1987, watu wa kawaida kabisa, wastaafu, walimu, wanakaa dirishani wakati wa baridi wanahesabu hivyohivyo kwa kubwa-kwa-mara-moja. Uingereza kuna shirika la kulinda ndege linaitwa RSPB, wao tangu 1979 wanatenga siku chache mwisho wa mwezi wa kwanza, kila mtu anahesabu saa moja tu bustanini kwake kwa mtindo huohuo. Kwa saa moja hiyo ya kila mwaka wameweza kuona kwamba shomoro, ndege ambaye hakuna mtu alikuwa anamjali, anaonekana kwenye bustani zao chini ya nusu ya alivyokuwa anaonekana walipoanza, na bado ndo anaongoza orodha, ujue hali ikoje kwa wengine.

Kwetu huku mi nashauri nusu saa, siku mbili kwa wiki, siku zilezile. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja asubuhi ni muda mzuri, jua halijakaza na wana njaa ya usiku. Kama we ni mtu wa kuamka kwa shida fanya saa kumi na moja jioni, poa tu, ila usichanganye, asubuhi ibaki asubuhi. Saa saba mchana achana nayo kabisa, joto la Tanga la mwezi wa pili hata mbuzi hatoki kivulini. Kaa mbali kidogo, dirishani au kibarazani, usiwe unapita pita na ndoo.

Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, saa, hali ya hewa (mvua, upepo, jua), chakula gani kilikuwepo, aina na idadi, na mwisho weka nafasi ya vurugu: paka kapita, mafundi wanagonga jirani, watoto wanacheza mpira. Alafu hili nakuomba sana, ANDIKA SIFURI. Umekaa nusu saa hajaja mtu, andika sifuri uondoke. Watu wengi siku ambayo hakuna ndege wanaona hakuna cha kuandika, wanaacha, matokeo yake daftari lina siku za neema tu na ukilisoma mwishoni unaona kila kitu shwari miaka yote. Na wiki uliyosafiri kwenda Lushoto acha wazi, hiyo sio sifuri, ni haujaangalia, vitu viwili tofauti.

Kuwatambua usiogope, huhitaji majina ya kizungu wala ya kisayansi. Tetere na wenzake wa jamii ya njiwa unawajua. Shomoro unamjua. Kwera, wengine wanaita mnana, ni yule wa njano anayefuma viota kwenye minazi. Chiriku ni mdogo ana unjano tumboni na mdomo mfupi mnene. Shore ni yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, mwenye kelele za furaha asubuhi. Alafu kuna vile vindege vidogo kabisa vya kahawia vyenye vichwa vyeusi vinavyokuja kundi, vinabanana kwenye kifuu kimoja kama abiria wa daladala ya Pongwe, hivyo viweke fungu moja uandike "wadogo vichwa vyeusi". Usichokijua piga picha na simu, programu ya Merlin ya chuo cha Cornell cha Marekani ni ya bure na inasaidia kutambua kwa picha, au mwandike "sijui 2" maisha yaendelee. Muhimu ni kumwita jina lilelile kila mara.

Mtego mkubwa upo kwa kwera. Dume la kwera linakuwa la njano kali msimu wa kuzaa, msimu ukiisha aina nyingi zinavua ule unjano zinabaki na rangi ya majani makavu, dume na jike huwezi kutofautisha kwa haraka. Kwaiyo mtu anaona "wale wa njano wameisha, saivi wanakuja mashomoro tu" kumbe ni haohao. Angalia mdomo: wa kwera ni mrefu umechongoka, wa shomoro ni mfupi mnene. Na fumbwe hivyohivyo, lile dume jeusi na jeupe lenye mkia mrefu kupita mwili, mkia ule ni wa msimu, ukinyofoka anakuwa kandege ka kawaida tu hata hukatambui. Akiwa kwenye ubora wake huyu fumbwe ni mkorofi balaa, mmoja tu anaweza kukaa juu ya kifuu akafukuza kila anayesogea, wanakaa kwenye matawi wanamsubiri achoke. Siku ya namna hiyo hesabu itakuwa ndogo, ndo maana nimesema weka nafasi ya vurugu. (Na huyohuyo hajengi kiota wala halei, anataga kwenye viota vya vindege vingine vidogo wamlelee. Lakini turudi kwenye hoja.)

Ukishakuwa na miezi kadhaa kwenye daftari ndo unaanza kusoma, na hapa lazima kalenda ya pwani iwe kichwani. Desemba mpaka Februari ni kaskazi, kavu, joto, majani yamekauka na mbegu zimeokotwa, wakati huu wanakuja kwako wengi na maji wanayataka kuliko hata chakula. Machi mpaka Mei masika, wanajenga na kulea, na hapa kuna kitu wengi hawakijui: kwera na shomoro wanakula nafaka lakini makinda yao wanayalisha wadudu, kwaiyo mzazi anashinda anatafuta viwavi na panzi, kifuu chako anapita juu juu tu. Juni na Julai mvua imekata, majani yote yaliyoota masika yametoa mbegu, kila kiwanja na pembeni ya kila barabara ni shamba, nani aje kugombania kikombe chako cha chenga? Huu ndo ule ukimya watu wanaoulilia. Agosti Septemba mbegu zinapungua wanaanza kurudi, safari hii na watoto wao. Oktoba vuli inaingia na mzunguko unarudia kwa ufupi. Haitokei tarehe zilezile kila mwaka, vuli ikichelewa na wao wanachelewa, masika yakiwa makubwa ukimya wa Julai unakuwa mrefu. Hata huko Marekani kuna kipindi hivyo, kwao ni Septemba Oktoba, kabla baridi haijaingia, mbegu zinapojaa porini, watu wanalalamika vilevile.

Kutokana na hilo, usilinganishe Februari na Julai. Julai inalinganishwa na Julai. Tuseme mwaka huu Februari kubwa yako ya tetere ni kumi na mbili na Julai ni watatu, hapo hakuna habari. Ila kama Julai ya mwakani ni watatu tena na Februari ya mwakani imetoka kumi na mbili ikaja tano, na inayofuata ikaja nne, hapo ndo kaa chini ujiulize. Mwaka mmoja peke yake si kitu, mi binafsi sithubutu kusema "wamepungua" kabla ya kuona miaka mitatu ya mwezi uleule.

Lakini hutaki kusubiri miaka mitatu unataka kujua leo, sawa, kuna kipimo cha haraka. Siku ambayo kwako ni sifuri toka nje saa ileile utembee mtaani dakika kumi, angalia nyaya za umeme, kuta, miembe, na hasa angalia kwenye mashine ya kusaga kama ipo karibu. Pale kwenye mashine pumba na mahindi yanamwagika siku nzima, mashine mpya ikifunguliwa mtaa wa pili shomoro na tetere wote wanahamia huko na huwezi kushindana nayo kwa kikombe. Ukiwakuta wamejaa kwenye nyaya au kwenye mashine basi jibu umepata, ndege wapo, wamebadilisha mgahawa. Ukizunguka na huko kote kimya, tena mwezi ambao kwa kawaida wanakuwepo, hapo kuna jambo.

Jambo lenyewe laweza kuwa nini. Kama wamepotea ghafla kama wamefagiliwa, wote kwa siku moja, angalia juu kwanza. Kipanga akigundua kwamba uani kwako kuna mkusanyiko kila asubuhi na yeye anaweka ratiba. Dalili ni ukimya wa ghafla wote wameganda vichakani na manyoya yametawanyika chini. Dawa yake acha kuweka chakula wiki moja hivi, wakitawanyika na yeye anaenda kutafuta kwengine, alafu anza tena. Paka unamjua mwenyewe wa nani.

Kama wamepungua taratibu na wanaopungua ni kwera zaidi, tafuta mnazi au mti uliokatwa. Kwera wanaishi kijiji kizima kwenye mti mmoja, mnazi mmoja unaweza kuwa na viota kadhaa wa kadhaa, ukiangushwa ili pajengwe fremu za maduka ndo kijiji kimehama. Shore na wadogo vichwa vyeusi wao wanaumizwa na kitu kingine, ule mtindo wa kung'oa ua wa michongoma na kujenga ukuta, alafu uwanja wote unapigwa pevingi. Nyumba inapendeza sikatai, lakini hapo hakuna mdudu, hakuna mbegu, hakuna pa kulala, na kifuu chako kimoja hakiwezi kuziba pengo lile. Hata anayefyeka majani kila wiki kabla hayajatoa mbegu anawanyima chakula cha mwezi mzima bila kujua. Kama una nafasi acha kona moja nyuma ya nyumba ijiotee yenyewe mpaka mbegu zikauke. Mama mwenye nyumba atasema pachafu, mweleze, au mwoneshe hao wadogo vichwa vyeusi wakining'inia kwenye mabua, mara nyingi anaelewa.

Kunguru ni mada ya peke yake. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, wakavuka huku bara wakajaa pwani yote. Mtu mzima wa kwera hawamuwezi sana, wanachofanya ni kula mayai na makinda, kwaiyo uani utaendelea kuona ndege wazima miaka kadhaa huku watoto hawaongezeki, na siku wazee wakiisha ndo unashtuka. Hilo linaonekana kwenye daftari ukiwa makini: Agosti na Septemba hesabu hupanda kwasababu ya vijana wapya, wenye mashavu ya njano kwenye kona za mdomo na wanaotetemesha mabawa kuomba chakula. Kama miaka miwili mfululizo huwaoni vijana, tatizo lipo kwenye viota, hata ukiongeza chakula husaidii kitu. Kinachosaidia ni kutomlisha kunguru. Matumbo ya samaki kutoka soko la Deep Sea usitupe nyuma ya ukuta, fukia au funga kwenye ndoo, na chakula cha ndege kisilale usiku wala kisizagae chini.

Watoto na manati, na wale wenye ulimbo wa utomvu wa fenesi, ongea nao tu. Mpe mmoja kazi ya kukushikia daftari. Naona inafanya kazi kuliko kufokea mtu, mtoto akishajua tetere wa leo ni tisa anataka kesho wawe kumi.

Kuna hili la ugonjwa, hili usilipite haraka kwasababu hapa chakula chako chenyewe kinaweza kuwa ndo chanzo. Ndege wengi wakila sahani moja wanaachiana mate na kinyesi. Uingereza kuanzia mwaka 2005 chiriku wao wa kijani walianza kufa kwa vijidudu vya kooni ambavyo njiwa walikuwa navyo tangu zamani, vikasambaa sana kwenye sehemu za kulishia na kunywea, na ndege aliyekuwa kila bustani akawa wa kutafuta. Marekani mwaka 1994 ukaonekana ugonjwa wa macho kwa ndege wa bustanini, macho yanavimba mpaka yanafumba, na wenyewe ulitoka kwa kuku na bata mzinga. Kwa sisi ambao kuku na tetere wanakula pumba kwenye karai moja hilo lichukulie kwa uzito. Ndege wa porini wale mbali na banda la kuku, karai tofauti, kwa ajili ya usalama wa pande zote mbili, maana magonjwa ya kuku kama kideri na ndui nayo hayana adabu.

Dalili ni ndege kujikunyata manyoya yamesimama, hakimbii ukimsogelea, anatafuna bila kumeza, mate yanachuruzika, macho yamevimba. Ukimuona hata mmoja toa chakula na maji siku hiyohiyo, pumzisha wiki mbili, watawanyike. Kifuu chenye ukungu kitupe, nazi zipo. Sinia na bakuli la maji sugua kwa sabuni, loweka dakika kumi kwenye maji yenye Jik, sehemu moja ya Jik kwa tisa za maji, suuza vizuri sana, anika juani mpaka ikauke kabisa. Hata kama hamna mgonjwa fanya hivyo kila baada ya wiki mbili, na masika kila wiki kwasababu chakula kinalowa kinachacha. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, tumia mfuko, fukia, nawa. Wakifa wengi kwa mkupuo, hasa na kuku wako nao wakianza, usifukie kimyakimya, mpigie afisa mifugo wa kata.

Maji ya kunywa weka kwenye kitu kifupi, kina cha kidole, na yamwagwe na kubadilishwa kila siku bila kukosa. Mwaka 2019 homa ya dengue ilisumbua Dar na hapa Tanga, sasa usije ukafuga mbu kwa jina la kupenda ndege.

Chozi, wale wadogo wenye mdomo wa kupinda wanaong'aa juani, usiwahesabu kwenye kifuu, hawali nafaka, wao ni maua. Maji ya sukari wapo wanaowawekea, mi siyapendi kwasababu yanachacha haraka na sisimizi hawakuachi, panda tu haibiskasi au acha mgomba utoe ua lake uhesabu hapo. Na mbayuwayu na keremkerem wanaokuja kutoka Ulaya kuanzia mwezi wa kumi na kuondoka mwezi wa nne nao wanakula wadudu hewani, ukiona hawapo Juni usilaumu mtu, si unajua Tanga ni ya waja leo waondoka leo.

Daftari likishanenepa usiliache kabatini. Kuna eBird, programu ya kuwekea hesabu za ndege, ni ya bure, ya Cornell haohao, ipo tangu 2002, unaingiza sehemu ulipo, muda uliokaa na idadi, inakaa kwenye hazina moja na za watu wengine dunia nzima. Zile habari za mwaka 2019 kwamba Marekani na Kanada kwa pamoja wamepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, zilijulikana kwasababu kuna watu walihesabu miaka na miaka, wengi wao wa kujitolea, bila kujua jibu litakuwaje. Ukiingiza weka na zile siku za sifuri. Na usikadirie kupendeza watu, umeona saba andika saba.

Mwisho kuhusu wakiongezeka ghafla, maana watu wanafurahi tu hawaulizi. Tetere arobaini uani ambako walikuwa kumi inaweza kuwa kiwanja walichokuwa wanakula kimeanza kujengwa, au jirani aliyekuwa anawalisha kahama. Fanya ileile safari ya dakika kumi mtaani uone wametoka wapi, uandike pembeni ya namba. Msongamano ukizidi usiongeze chakula sehemu moja, gawa kikombe hichohicho kwenye vifuu viwili vitatu mbalimbali, na usafi ufanye kila wiki badala ya mbili mpaka wapungue.